Mwajiri wangu wa zamani ameandika uongo kwenye jalada langu, sasa anataka kulifuta. Nikubali?

Asumini

Wakuu, habari zenu. Naomba mnisomee mpaka mwisho kabla ya kunishauri. Nina siku kumi za kujibu barua iliyo mbele yangu na sitaki kukosea.

Nilifanya kazi miaka tisa katika idara ya uhasibu ya kampuni moja. Jina naliacha. Niliacha kazi mwenyewe, nikatoa notisi ya mwezi mzima, nikaagwa vizuri. Tangu hapo nimeomba kazi sehemu tatu, na kote mambo yamekwenda vilevile: usaili wa kwanza safi, wa pili safi, naambiwa nisubiri wawasiliane na mwajiri wangu wa zamani, halafu kimya. Mara ya tatu, mama mmoja aliyekuwa kwenye jopo la usaili alinionea huruma. Alinipigia simu jioni akasema, "Binti yangu, sikupaswa kukuambia, lakini huko ulikotoka wanasema uliondoka ukiwa chini ya uchunguzi wa upotevu wa fedha."

Miguu iliniishia nguvu, nikakaa sakafuni. Uchunguzi ulikuwepo kweli, miaka miwili kabla sijaondoka. Lakini mimi nilikuwa shahidi! Ni mimi niliyeona risiti mbili zenye namba moja, ni mimi niliyempelekea mkuu wangu habari, na nilihojiwa kwa saa nzima kama shahidi. Barua ya kunishukuru ninayo, ina sahihi na mhuri.

Niliwaandikia watu wa rasilimali watu nikaomba nakala ya kila kilichoandikwa kunihusu. Wakajibu kwa mstari mmoja: jalada la mtumishi ni mali ya kampuni. Nikaandika tena, safari hii nikitaja sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, maana kwetu ipo. Jibu la pili likawa refu. Wanataka nieleze sababu ya kuomba. Wanataka nilipie "gharama za utafutaji". Wanataka kitambulisho, picha mpya na alama za vidole. Wanasema aliyoyaandika mkuu wa idara ni maoni yake, kwa hiyo si taarifa zangu. Na mwisho kabisa kuna hili linaloninyima usingizi: wako tayari, "kwa nia njema", kulifuta jalada lote, ilimradi nisaini kwamba sina dai jingine lolote juu ya taarifa hizo.

Mume wangu anasema nisaini, uchafu uondoke, tuendelee na maisha. Moyo wangu unakataa na siwezi kueleza kwa nini. Nina haki gani hapa hasa?

Kijukuu

Pole sana dada Asumini. Mimi ningesaini leo leo. Kufutiwa taarifa ni haki ambayo watu wameitafuta mahakamani kwa miaka. Yule Mhispania aliyeshindana na Google mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikampa ushindi mwaka 2014, alichokuwa anataka ni jina lake lisiendelee kuleta tangazo la gazeti la mwaka 1998 kuhusu mnada wa nyumba yake kwa sababu ya deni. Ilimchukua miaka. Wewe unaletewa mlangoni. Chukua.

MzeeWaMasjala

Usisaini.

Nimekaa masjala miaka ishirini na miwili, na minane ya mwisho kazi yangu ilikuwa kujibu barua kama yako kwa niaba ya taasisi. Upande wa pili wa meza naujua. Acha nikueleze moyo wako unakataa nini.

Kesi aliyoitaja Kijukuu ni ya kweli, lakini haifanani na yako. Tangazo lile lilikuwa sahihi lilipochapishwa. Deni lilikuwepo, mnada ulikuwepo, ila miaka ilikuwa imepita na halikuwa na haja tena ya kumfuata mtu. Jambo la kweli lililopitwa na wakati, dawa yake ni kufutwa. Lako ni la uongo, na uongo kwanza husahihishwa. Ukikubali ufutwe kabla hujauona, kinachofutika ni ushahidi kwamba ulipata kuandikwa. Maneno yenyewe yameshatoka: yako kwenye daftari za waajiri watatu, na yako kichwani mwa mtu anayepokea simu pale ulipokuwa unafanya kazi. Mwajiri wa nne akipiga, atajibiwa kwa kumbukumbu ya kichwa, na wewe hutakuwa na karatasi ya kumpinga nayo.

Nimewahi kuliona hili kwa macho yangu, na linanisumbua mpaka leo. Kijana mmoja aliletewa pendekezo kama hili, akasaini, akashukuru. Mimi ndiye niliyepiga muhuri wa "limeteketezwa". Miezi kadhaa baadaye akarudi: bado alikuwa anakataliwa. Kumbe orodha ya zamani ya mishahara ilikuwa na safu ya alama, na alama yake ilikuwa ile ya waliofukuzwa. Hakuna aliyekumbuka orodha ile wakati wa kufuta, kwa sababu sisi tulifuta jalada, na taarifa za mtu hazikai kwenye jalada peke yake. Zimo kwenye barua pepe, kwenye nakala rudufu, kwenye jedwali la mtu fulani aliyestaafu. Tulipotaka kujua alama ile ilitoka wapi, karatasi ambayo ingetueleza nilikuwa nimeichoma mwenyewe. Nilimwangalia usoni sikuwa na la kumwambia.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: ona kwanza, sahihisha, hakikisha walioambiwa uongo wanaambiwa ukweli, halafu ndipo uzungumzie kufuta kama bado unataka.

Sasa masharti yao. Mwenye kumbukumbu ana wajibu wa kujiridhisha kwamba wewe ni wewe, asije akampa jirani yako jalada lako. Hilo ni haki. Lakini umeandika kwa anwani waliyokuwa nayo miaka tisa, kitambulisho kinatosha. Alama za vidole ni kukuomba taarifa nyeti mpya ili wakupe za zamani. Kataa kwa adabu.

Kuhusu sababu na gharama, jambo hili limeshajibiwa Ulaya bila kificho. Oktoba 2023 mahakama ileile iliamua kesi ya mgonjwa wa Ujerumani aliyetaka nakala ya kumbukumbu zake za meno, tena akiwa na nia ya kumdai daktari wa meno. Ikasema halazimiki kutoa sababu, na nakala ya kwanza ni bure. Sheria ya kwenu inaweza kutofautiana kwa vipengele vya ada, soma kifungu chake, lakini swali la "unaitakia nini" siku zote nililiona kuwa njia ya kumtisha mtu. Usilijibu.

La maoni ndilo wengi hushindwa, nasi wa masjala tulilitumia sana. Ireland kulikuwa na mwanafunzi wa uhasibu, Nowak, aliyeanguka mtihani akaomba kuona karatasi zake za majibu. Akakataliwa: hizi si taarifa zako binafsi. Alipanda ngazi kwa ngazi, na Desemba 2017 mahakama ikaamua kwamba majibu yake ni taarifa zake, na maelezo ya msahihishaji pembeni ya majibu ni taarifa zake pia, kwa sababu yanamhusu yeye na yana matokeo kwake. Maoni juu yako ni taarifa zako. Hata hivyo shika na upande wa pili wa uamuzi ule: haki ya kusahihisha haikumpa ruhusa ya kurudi kubadilisha majibu aliyokosea. Wewe vilevile, mkuu wako akiandika "sikupenda kazi yake", huwezi kumlazimisha akupende. Lakini "alikuwa chini ya uchunguzi" hayo si maoni. Ama ulikuwa, ama hukuwa.

Asumini

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma maneno yako mara tatu, na mume wangu nimemsomea. Amenyamaza, kisha akasema, "Basi usisaini."

Nina maswali mawili. Kwenye uchunguzi ule walihojiwa na wenzangu. Kampuni ikisema haiwezi kunipa kwa sababu kuna majina ya watu wengine, nijibuje? Na yule mama aliyenipigia simu, kwa hali yoyote sitaki apate matatizo. Naandikaje bila kumtaja?

Wakili_Mdogo

Dada Asumini, niingie hapa.

La majina ya wengine: kizuizi kipo na kina maana, maana shahidi mwenzako naye ana haki zake. Lakini dawa yake ni wino mweusi juu ya majina, siyo kufungia ukurasa mzima. Andika hivyo hivyo: "Sehemu zinazowatambulisha watu wengine zifichwe, zilizobaki nipewe." Ukilisema mapema umewanyang'anya kisingizio.

La yule mama: humhitaji hata kidogo. Huombi wakuthibitishie alichokuambia, unaomba wakuambie wao wamempa nani taarifa zako. Hiyo ni haki inayojitegemea. Shirika la posta la Austria liliulizwa swali hilo na mteja, likajibu kwa jumla tu kwamba linawapa wateja wake wa kibiashara. Januari 2023 mahakama ikasema jibu la jumla halitoshi. Mtu akitaka majina ya waliopewa, aambiwe majina, isipokuwa kama haiwezekani kuwatambua au ombi lenyewe ni la usumbufu wa wazi. Kwa hiyo waulize: tangu nilipoacha kazi, ni nani aliyepewa taarifa kunihusu, lini, kwa maneno gani, na kutoka kwenye kumbukumbu ipi?

Tahadhari moja. Barua yenyewe ya kumweleza mwajiri mpya habari zako inaweza kuwa na ulinzi maalumu. Uingereza, kwa mfano, sheria yao ya 2018 imeiondoa barua ya namna hiyo iliyotolewa kwa siri kwenye haki ya kuona. Angalia kwenu ikoje. Ndiyo maana usiombe "barua mliyomwandikia fulani" peke yake. Omba jalada, kumbukumbu za mfumo, barua pepe zenye jina lako, na hasa kumbukumbu za uchunguzi ule. Ukitaja mwaka na idara, hawawezi kusema ombi ni pana mno.

Tena andika sentensi hii: "Kwa sasa naomba taarifa zote zihifadhiwe kama zilivyo, zisifutwe wala kubadilishwa, na zisitumike kumjibu mtu yeyote mpaka usahihi wake uthibitishwe." Kwa lugha ya sheria hiyo ni kuzuia uchakataji, na kanuni ya Ulaya inayotumika tangu Mei 2018 inaitaja wazi kwa mtu anayepinga usahihi wa taarifa zake. Sheria nyingi zilizokuja baadaye zinafanana nayo kwa mengi. Kenya ilipitisha yake 2019, Tanzania 2022, kwa hiyo tafuta kifungu cha kwenu ukitaje kwa namba. Huko Uingereza, kuharibu taarifa kwa makusudi ili mwombaji asizipate ni kosa la jinai.

Muda: Ulaya ni mwezi mmoja tangu ombi lifike, unaoweza kuongezwa miwili kwa ombi gumu, lakini lazima wakuambie ndani ya mwezi ule wa kwanza na kutoa sababu. Kwenu hesabu inaweza kuwa tofauti. Peleka kwa mkono, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakipuuza, hiyo tarehe ndiyo utakayoanza nayo malalamiko kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi. Na malalamiko hayo hayahitaji wakili. Nalisema hili ingawa ndiyo kazi yangu, kwa sababu nimeona watu wakiacha haki yao wakidhani lazima wakusanye fedha kwanza.

Kijukuu

Nafuta ushauri wangu wa mwanzo. Sikufikiria kabisa kwamba kufuta kunaweza kumfaa aliyeandika kuliko aliyeandikwa. Dada, nisamehe.

MzeeWaMasjala

Marahaba binti yangu. Wakili amesema yote, mimi niongeze la mtu wa masjala. Ombi likifika mezani likisema "nipeni taarifa zangu zote", tulikuwa tunachapa ukurasa mmoja wa jina, cheo na tarehe ya kuajiriwa, basi. Mei 2023 mahakama ya Ulaya imeeleza kwamba nakala maana yake ni taarifa zenyewe kama zilivyo, kwa uaminifu na kwa namna inayoeleweka, si muhtasari uliotungwa na karani. Liandike hilo neno: kama zilivyo. Uone vichwa vya safu, uone tarehe, uone nani aliingiza. Makosa mengi niliyoyakuta hayakuwa kwenye maneno yaliyoandikwa, yalikuwa kwenye safu ambamo maneno hayo yaliwekwa.

Asumini

Wakuu, ni wiki ya tano sasa na nimerudi na habari.

Nilipeleka barua ya kurasa mbili, nikagongewa mhuri. Sikusaini pendekezo lao. Siku ya ishirini na saba nimeitwa, nimeonyesha kitambulisho (hakuna aliyeuliza tena alama za vidole wala malipo), nikakabidhiwa bahasha ya kurasa arobaini na moja. Nilikaa nayo kwenye benchi nje ya jengo lao, sikuweza kusubiri nifike nyumbani.

Mzee wangu, ulijuaje habari ya safu?

Orodha ya awali ya uchunguzi, ya karatasi, iliandikwa kwa mkono. Juu imeandikwa "Wahusika", na chini yake tumeorodheshwa watu wote tulioitwa kuhojiwa, na mbele ya jina langu kuna neno dogo kwenye mabano: shahidi. Mwaka uliofuata walihamisha kumbukumbu kwenda kwenye mfumo wa kompyuta. Mfumo una safu ya "hali katika uchunguzi" yenye majibu mawili tu: "anachunguzwa" na "hakuhusika". Sasa mtu aliyekuwa anaingiza aliona neno wahusika, akachagua "anachunguzwa". Kile kilichoandikwa kwenye mabano hakikuwa na mahali pa kwenda. Mkuu wangu hakuandika ubaya wowote. Kwenye maelezo yake ya mkono ameandika kwamba mimi ndiye niliyetoa taarifa, na kwamba niangaliwe kwa kupandishwa cheo. Miezi yote hii nimekuwa nikimchukia bure.

Anayejibu simu za waajiri hafungui karatasi. Anafungua mfumo, anasoma safu.

Nimeomba usahihishaji kwa barua nyingine, nimeambatisha ile ya shukrani na ukurasa wa orodha ya mkono. Nimeomba pia wale watatu waandikiwe kwamba walichoambiwa hakikuwa sahihi. Majina yao nimepewa na tarehe, kwa hiyo yule mama hakutajwa popote. Wamekubali kwa maandishi na mfumo umesharekebishwa. Nimeuona kwa macho, nilisimama nyuma ya karani akiwa anafanya.

Swali moja limebaki. Karani ananiambia neno la zamani bado linabaki kwenye historia ya mabadiliko ya mfumo. Nidai lifutwe?

MzeeWaMasjala

Liache kwa sasa, binti yangu. Historia ile inaonyesha tarehe ya kosa, tarehe ya marekebisho na aliyerekebisha. Siku mtu akisema ulijisafishia mwenyewe, hiyo ndiyo karatasi yako. Ila waandike kwamba historia haifunguliwi kwa anayejibu waajiri, na waweke ukomo wa muda wa kuihifadhi. Ukomo ukifika, hapo ifutwe, nawe upewe taarifa. Na barua zile tatu, usikubali kuambiwa tu kwamba zimekwenda. Omba nakala.

Asumini

Nakala nitaziomba kesho asubuhi.

Na kuna jambo nimeligundua jana usiku nikirudia kurasa zile. Kwenye orodha ya mkono, majina ya wengine yamepakwa wino mweusi, kama alivyosema Wakili. Lakini mistari inahesabika: tuko sita wenye neno shahidi kwenye mabano, na mfumo ule ni mmoja, safu ni moja. Wenzangu nawajua, tulihojiwa siku moja, tukisubiriana kwenye korido. Wawili kati yao waliacha kazi baada yangu. Mmoja nimempata kwa simu leo. Nilimuuliza tu kama amepata kazi, akaniambia bado, kila mahali wanamfikisha usaili wa pili kisha kimya.

Nimemtumia barua yangu aitumie kama ilivyo, abadilishe jina na tarehe. Wa pili namba yake ya zamani haipatikani, bado namtafuta.